Ndago za Nyuma ya Kanisa

Kanisa letu limo ndani ya jengo lililokuwa ghala la vipuri vya mashine, huko Fridley, nje kidogo ya jiji la Minneapolis, Marekani, mahali ambapo viwanda na majengo ya kupanga vimesogeleana kiasi kwamba harufu ya rangi ya chuma huingia hata kwenye mahubiri. Nyuma ya jengo kuna maegesho ya lami, na nyuma ya maegesho kuna shimo kubwa lililochimbwa kupokea maji ya mvua na ya theluji inayoyeyuka. Watu wa kanisa waliliita shimo, basi. Katika ofisi ninayofanyia kazi, upande wa Plymouth, tunaliita bwawa la kupokea maji ya mvua, na kazi yangu ni kuchora mabwawa ya namna hiyo kwenye kompyuta. Nimeyachora mengi. Hilo ndilo pekee nililowahi kuingia mpaka magotini.

Nilipoliona kwa mara ya kwanza, kingo zake zilikuwa na nyasi fupi za bustani, zile zinazokatwa kwa mashine kila wiki, ambazo mizizi yake haishuki zaidi ya urefu wa kidole. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyolala. Mvua iliponyesha, kila kilichoanguka juu ya lami kiliteremkia humo: mafuta ya magari, chumvi inayomwagwa wakati wa barafu, mchanga, kinyesi cha mabata bukini. Kutoka humo kilipita ndani ya bomba kuelekea mto Mississippi, ambao hauko mbali na hapo. Ukingo wa magharibi ulikuwa umeanza kumeguka vipande vipande, kama mkate mkavu.

Tiba ya mahali kama hapo inajulikana, wala si mimi niliyeigundua. Ni kurudisha mimea iliyokuwapo kabla ya lami: majani marefu ya ukoo wa ndago, yenye shina la pembe tatu, nyasi za mbuga, maua ya buluu yanayopenda kusimama majini. Mizizi ya mimea hiyo huingia katika tope lisilo na hewa na kulipelekea hewa kupitia mirija iliyo ndani ya shina. Kandokando ya mizizi hiyo, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho hula uchafu ambao vinginevyo ungelisha ukoga wa kijani mpaka samaki wakose pumzi. Mashina hupunguza mwendo wa maji, na maji yaliyopunguzwa mwendo huuangusha mchanga wake yenyewe. Vyura hutagia humo. Kereng'ende hutoka humo wakiwa na mabawa yenye unyevu. Hata wakati wa majira ya baridi, mimea inapokuwa mikavu na myeupe, vishungi vyake hushika theluji na kumficha panya asionwe na bundi. Hakuna anayesafiri kwenda kupiga picha ndago, lakini ziondoe, kisha utazame kitakachobaki.

Haya niliyajua kabla ya chuo, ingawa sikujua kwamba nayajua. Nilikulia katika mashamba ya mpunga ya Usangu, kusini-magharibi mwa Tanzania, na nilikuwa mtoto wakati watu wazima walipokuwa wakisema kwamba zamani mto haukuwa ukikauka hivyo. Kiangazi kimoja niliuvuka kwa miguu mikavu, nikiokota makombe ya konokono mchangani, nikifurahi. Miaka mingi baadaye, darasani, katika nchi ya mbali, mwalimu alitueleza yanayoupata mto pale kinamasi kilicho juu yake kinapokosa mimea na maji. Ndipo nilipoelewa nilikuwa nimetembea juu ya nini. Niliona haya kwa furaha ile ya utotoni. Nadhani mengi niliyoyafanya tangu siku hiyo yana asili yake katika haya hiyo.

Nilimwendea mchungaji nikiwa na michoro. Mchungaji wetu ametoka Kongo ya mashariki, kama walivyo waumini wengi wa hapo. Wachache ni Wakenya, ambao huja na kuondoka kwa saa za shifti zao za hospitali, na Mtanzania nilikuwa mimi peke yangu. Aliitazama michoro ikiwa juu chini, kisha akaigeuza.

"Wewe njo mwenye kusoma, binti yangu," alisema. "Kama mwenye nyumba anakubali, mimi ni nani nikatalie maji?"

Mwenye jengo alikubali kwa sharti, na ofisi inayosimamia maji ya eneo hilo ilitoa miche kwa sharti hilohilo. Mwishoni mwa kiangazi cha pili, mwezi Septemba, angekuja mkaguzi. Akikuta mimea imeshika kingo, bwawa lingeachwa lilivyo. Akikuta haijashika, kingo zote zingefunikwa kwa mawe, nyasi za kukatwa kwa mashine zingerudishwa juu yake, na suala hilo lingefungwa. Niliweka sahihi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na sikuwahi kuweka sahihi juu ya kitu nilichokitaka kiasi hicho.

Kwa hiyo, kwa viangazi viwili, Jumamosi zangu zilikuwa za bwawa. Nilipanda mabasi mawili kutoka chumba changu cha kusini mwa Minneapolis, buti zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, na kufika saa tatu asubuhi. Nilipanda miche mmoja mmoja, nikiitawanya bila mpangilio, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa kwamba kinamasi hakijui mistari. Nilizungushia wavu ili mabata bukini wasiing'oe. Niling'oa mmea mmoja mgeni wenye ua la zambarau, mzuri wa kuvutia, ambao shina lake moja hutoa mbegu zisizohesabika na kulimeza bwawa zima. Wakati huohuo, ndani ya kanisa, kwaya ilifanya mazoezi na wanawake walipika sombe, kisamvu cha kwao, kwa ajili ya Jumapili. Nilisikia vicheko vyao kupitia mlango wa nyuma wa jikoni. Harufu ya mawese ilinifikia nikiwa nimeinama.

Sikuwaeleza nilichokuwa nikifanya. Wala wao hawakuuliza, isipokuwa mara moja, alipotoka mwanamke ambaye sote tulimwita Mama Mkubwa, akiwa amebeba sahani iliyofunikwa. Alikuwa na umri wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye sauti nzito iliyoongoza sauti ya pili ya kwaya. Alikuwa amelima katika bonde la Ruzizi, huko Kongo, akaishi katika kambi ya wakimbizi miaka mingi, na sasa alikunja mashuka katika kiwanda cha kufulia nguo. Nilimwamkia shikamoo, akacheka, kwa kuwa kwao salamu hiyo haitumiki. Ilimfurahisha kama mchezo wa watoto.

"Wanasema ulifanya shule ya majani," aliniambia, akinitazama nikila. "Mpaka America, kusomea majani?"

"Ndiyo, Mama. Majani na maji."

"Na ng'ombe yako iko wapi?"

Nilicheka, yeye akacheka zaidi, akachukua sahani na kurudi ndani. Hapo ndipo palikuwa mahali pa kumweleza. Badala yake niliinama tena. Niliamini kwamba kazi njema haitangazwi. Labda pia niliogopa kwamba nikiieleza kwa Kiswahili changu cha vitabu, mbele ya watu waliokwisha kupoteza mashamba, ingeonekana ndogo.

Sipendi kulitumia neno upweke kwa wepesi, kwa sababu nilikuwa na kazi, afya na chumba chenye joto. Wenzangu wa ofisini walikuwa wema. Waliniuliza wikiendi ilikuwaje, nami nilijibu kwamba ilikuwa nzuri, nao walifurahi. Lakini kulikuwa na wiki ambazo kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa sikutamka hata neno moja la lugha yangu, na Jumamosi, nikiwa majini, nilijikuta nikiyasemesha majani. Niliyasifu. Niliyakaripia yalipolala.

Agosti ya mwaka wa pili mimea ilikuwa imenifika kiunoni. Maji yalikuwa yameanza kuonyesha chini. Ndege weusi wenye mabega mekundu walikuwa wamelea makinda humo, wakanishambulia kichwani nilipokaribia, nami nikaheshimu. Ilibaki mwezi mmoja kabla ya ukaguzi. Jumamosi moja ofisi ilinituma mji wa Savage, kupima mteremko uliobomoka karibu na viwanda vilivyo kando ya mto, na hiyo ndiyo Jumamosi pekee niliyokosa asubuhi. Nilifika Fridley saa tisa alasiri.

Kwanza niliona watu. Walikuwa kumi na wawili hivi, wengi wanawake, wamesimama kando ya bwawa wakiwa na reki, majembe na beleshi. Kisha nikaona bwawa lenyewe. Udongo ulikuwa mtupu, mweusi, umesawazishwa na kufagiliwa pande zote, kama ua wa nyumba unaosubiri wageni. Juu ya lami palikuwa na lundo la majani lililonifika kifuani, mizizi yake ikiwa juu.

"Surprise!" alipiga kelele mmoja wao, mwanamke aliyekuwa amevaa buti za mumewe.

Mama Mkubwa alikuwa katikati ya tope, gauni limefungwa kiunoni, mkononi ameshika jembe la dukani ambalo mpini wake mrefu mwanawe aliukata kwa msumeno ili uwe wa kuinamia.

"Umechelewa, mtoto yangu! Kazi imekwisha. Kuja uone vile tumekufanyia."

"Mmefanya nini?" niliuliza.

"Salongo!" alisema, kama mtu anayetaja sikukuu. Nilikwisha kulisikia neno hilo. Kwao Kongo, Jumamosi asubuhi watu wote wa mtaa hutoka kusafisha mifereji na njia, na anayebaki ndani husemwa wiki nzima. "Kila Samedi tunakuona huku peke yako, unainama, unainama. Mtoto ya watu, hana mama hapa, hana dada. Na sisi tunapika, tunacheka! Nikawaambia hawa: hapana, hii ni haya yetu."

"Na ndago ilikuwa mingi!" alidakia mwenye buti za mumewe. "Ndago ya America iko na kichwa ngumu. Mimi nilivuta moja, nikaanguka matako chini, waulize hawa."

Wakacheka. Mama Mkubwa aliinua jembe.

"Ndago naijua mimi. Ukiacha kichwa moja chini, mwezi ujao shamba yote ni yake. Nimechimba mpaka kwa mizizi ya mwisho. Haitarudi, nakuapia." Kisha akaonyesha kwa kidevu mahali palipobaki mimea kama ishirini, iliyosimama wima na kuchanua. "Tumeacha hii maua tu. Ni ya mapambo ya kanisa."

Yalikuwa yale ya zambarau.

Nimejaribu mara nyingi kuukumbuka uso wangu wa wakati ule kwa macho yao. Mkulima yeyote wa mpunga au mahindi, awe wa Ruzizi au wa Usangu, angefanya walichofanya. Mama yangu mwenyewe angefanya hivyo, tena angewahi zaidi. Shina lile la pembe tatu ni adui ambaye mikono yetu imefundishwa kumtambua kabla ya akili, na walimchimba kwa ustadi ambao wafanyakazi wa kulipwa wasingeuweza. Yote haya nayaona sasa. Saa ile sikuyaona. Niliona Septemba.

"Nani aliwapa ruhusa ya kugusa hapa?"

Sikupaza sauti. Nililisema kwa Kiswahili sanifu, pole pole, kila neno mahali pake. Vicheko vilikoma. Mwenye buti za mumewe aliilaza reki chini kwa uangalifu, akajipangusa mikono kwenye gauni, na macho yake yakaenda upande wa barabara, kama anayetazama ni nani anayekuja. Watu hawa waliulizwa swali hilo mipakani, wakaulizwa kambini, wakaulizwa katika ofisi za nchi tatu. Nami niliwauliza tena, katika lugha ambayo walikuja mahali hapo kupumzika ndani yake.

"Bon," alisema Mama Mkubwa, akilishusha jembe. "Hatukujua kama inaombewa ruhusa."

Niligeuka nikaenda kituo cha basi.

Basi lilikuwa limevuka barabara kuu nilipokumbuka lundo. Lilikuwa juu ya lami, chini ya jua la Agosti, mizizi ikiwa juu. Mmea wa namna ile, uking'olewa pamoja na mashina yake ya chini, haufi mara moja. Ukitiwa majini ndani ya saa chache unaweza kurudishwa ardhini. Jambo hilo nililijua mimi peke yangu katika umati ule. Lilikuwa neno moja la kusema, maji, nami sikulisema, kwa sababu nilikuwa na shughuli ya kukasirika. Kengele ya kushukia ilikuwa karibu na mkono wangu. Sikuibonyeza.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilikaa chumbani nikisikiliza friji ikiwaka na kuzima. Nilitaka kumpigia mama yangu simu, nikashindwa kutunga maelezo ambayo hayangemfanya aniulize: sasa hao watu walikukosea nini? Jumatatu niliomba kutoka kazini mapema. Nilijiambia kwamba nakwenda kuhesabu hasara, kwa ajili ya ripoti.

Lundo lilikuwa limekauka, likawa kama makuti. Lakini lilikuwa dogo kuliko nilivyoliacha. Kwenye kivuli cha ukuta, kando ya mlango wa jikoni, palikuwa na mabeseni ya kuoshea vyombo, sufuria kubwa la wali la kanisa, ndoo mbili na sanduku la kupoozea soda, vyote vimejaa maji, na ndani yake ndago zangu zimesimama, zimebanana kama abiria. Mama Mkubwa alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, ana kopo mkononi.

"Shikamoo, Mama."

Safari hii hakucheka. "Umekuja," alisema.

"Umejuaje kwamba zinahitaji maji?"

"Sura yako. Mtu hawezi kulilia ndago. Nikasema, kama huyu analia, basi hii si ndago." Akamimina maji ndani ya sufuria. "Na mche ni mche. Uking'olewa, unautia maji, hata kama haujui ni ya nani. Sikupata vyombo vya kutosha. Ile ingine imekufa."

Nilichuchumaa mbele yake. "Nilikosa, Mama. Swali lile halikuwa la kuulizwa nyinyi."

"Swali ilikuwa mbaya," alikubali, bila kunipunguzia. "Yule mwenzetu wa buti hakula siku ile. Lakini na wewe, miaka mbili unafanya kazi kwa nyumba yetu na hautuambii ni kazi gani. Kwetu, mtu anayelima peke yake na hasemi analima nini, ni mwizi ao ni mchawi." Akanitazama. "Na wewe hauna sura ya mchawi. Mchawi anakula vizuri."

Nilivunja shina moja nikamtia vidoleni. Alilizungusha, akazihisi pembe zake tatu.

"Hata ndago iko hivi."

"Ni ndugu, Mama."

"Ee. Basi nilikosea ndugu, sikukosea mbali."

Nikamweleza. Ilichukua muda mrefu, na Kiswahili changu cha vitabu hakikufaa. Ilibidi nitafute maneno ya shambani. Nilimweleza jinsi mizizi inavyopelekea tope pumzi, jinsi majani yanavyolifanya bomba lipeleke mtoni maji badala ya uchafu. Nilimweleza kuhusu Septemba na mawe. Alisikiliza kama mkulima anavyomsikiliza bwana shamba, akiamini nusu. Nilipofika kwenye ua la zambarau na kumwambia kwamba hilo ndilo linaloua mengine yote, alipiga makofi mara moja.

"Hii? Na uzuri yote hii?"

"Ndiyo hii."

"Kama watu tu," alisema, akainuka kwenda kuling'oa.

Jumamosi iliyofuata walikuja watano. Mwenye buti za mumewe hakuja. Hajawahi kurudi bwawani, na mpaka leo hunisalimia kwa adabu kamili, kutoka mbali. Mama Mkubwa alileta kamba na vijiti viwili. Nilipoona anataka kupanda kwa mistari, nilifungua kinywa kumwambia kwamba kinamasi hakijui mistari. Kisha nikakifunga. Alinipa ncha moja ya kamba niishike, akaenda na ncha ya pili upande wa mashariki, na wanawake wakaingia majini kati yetu, wamepinda migongo, wakichomeka miche kwa kidole gumba, hatua moja nyuma, mche, hatua moja nyuma, mche. Hata mimi nilikuwa nimefanya hivyo nikiwa na umri wa miaka minane. Walipanda kwa saa mbili nilichokuwa nimepanda kwa mwezi. Waliimba mstari mmoja wa wimbo wa kwaya, wakaugombania, wakauacha. Mimi nilishika kamba.

Miche ilitosha upande wa mashariki peke yake. Upande wa magharibi ulibaki mtupu, na mvua za mwisho wa Agosti ziliuchanja mifereji ambayo ungeweza kulaza mkono ndani yake.

Mkaguzi alikuja Septemba kama ilivyoandikwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye buti zilizotumika kweli, nami nilimpenda kwa sababu ya buti hizo. Alizunguka bwawa mara mbili. Alisimama muda mrefu upande wa magharibi. Mashariki aliuliza kwa nini mimea imejipanga mistari. Nikamwambia kwamba waliopanda ni watu wa mpunga. Kisha akauliza swali nililoliogopa: ni nani hasa anayepatunza mahali hapa? Kwa sababu, alisema kwa upole, mtu mmoja huhama, huugua, hupata kazi kwingine.

Nilianza kujibu kwa Kiingereza, kirefu, chenye vifungu. Mama Mkubwa, ambaye Kiingereza hakimpi taabu kwa kuwa hakijui, alichoka kusubiri. Aliingia majini na viatu vyake vya kazini, akatazama, akaliona chipukizi la zambarau dogo kuliko kiganja, ambalo sikuwa nimeliona mimi. Akalichomoa na mzizi, akalikung'uta, akalilaza juu ya lami. Kisha akaushika mkono wa mkaguzi, akauweka juu ya shina la ndago, akamzungushia kidole chake pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Hii, hapana kugusa," alimwambia kwa Kiswahili, kwa ukali.

Sikutafsiri. Mkaguzi alicheka, akaandika jambo.

Uamuzi wake ulikuwa wa haki. Mashariki paachwe, na pakaguliwe tena baada ya kiangazi kingine. Magharibi ukingo ulikuwa ukianguka na usingesubiri. Uwekwe mawe kabla ardhi haijaganda. Alisema angependa kuliacha bwawa lote. Nilimwamini, na kumwamini hakukupunguza kitu. Mizizi iliyokaukia kwenye lami ilikuwa ya kutosha kabisa kuushika ukingo ule.

"Anasema nini?" aliuliza Mama Mkubwa.

"Nusu, Mama."

Alitikisa kichwa taratibu. "Nusu ni kitu," alisema. "Kuna watu walitoka na pungufu ya hapo."

Mawe yaliletwa Jumamosi moja ya Oktoba. Anga lilikuwa na rangi ya bati, na majani ya mashariki yalikuwa yamegeuka rangi ya asali, yakisuguana kwa upepo. Tulisimama wawili kando ya maegesho tukitazama lori likiinua mgongo. Kila tani iliyoshuka ilitikisa lami chini ya miguu yetu. Nilimweleza, kwa sababu sasa nilikuwa nimejizoeza kueleza, kwamba mawe hushika udongo lakini hayanywi kitu wala hayasafishi kitu. Hata hivyo, mchanga hunasa katikati yake, na mbegu hunasa kwenye mchanga, na ndago husafiri chini kwa chini. Siku moja zitaingia.

"Miaka ngapi?"

"Kumi. Labda zaidi."

"Utakuwa hapa?"

"Sijui, Mama."

"Mimi nitakuwa nimekufa," alisema, akiifunga kanga yake vizuri juu ya koti, "ao nitakuwa Iowa kwa binti yangu. Ni moja tu."

Mwanawe alipiga honi kutoka maegeshoni. Alikuwa na shifti. Mama Mkubwa aliniambia nipande gari, watanipeleka. Nikasema ningependa kubaki mpaka lori limalize. Hakunibembeleza. Gari liliondoka, kisha lori likaondoka, na mahali pote pakawa kimya, ukiacha majani na barabara kuu ya mbali.

Nilishuka mpaka mahali mawe yalipokutana na mstari wa mwisho wa ndago. Mfanyakazi alikuwa ameyasukuma mawe mpaka juu ya mizizi. Nilichuchumaa, nikaondoa matatu, mazito, kwa mikono miwili, nikaacha pengo la upana wa kiganja palipoonekana tope. Kisha nikaosha mikono katika maji ambayo yalikuwa yamekwisha kuwa baridi kama barafu, nikapanda kwenda kituoni. Basi lilikuwa bado dakika ishirini. Nilimpigia simu Mama Mkubwa nikamwambia nilichofanya.

"Mangapi?" aliuliza. Nyuma yake nilisikia redio ya gari.

"Matatu."

"Mh," alisema. "Ungetoa sita."